Mtandao mpya umejaa wapenda vipya, watu wa kawaida hawabaki: dalili, visababishi na tiba

Mwongozo huu ni wa yeyote anayejenga au kuendesha mtandao mpya wa kijamii, na wa admini anayetaka kuhamisha watu wake kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Tatizo lenyewe linajulikana. Wiki za kwanza watu wanamiminika, wanausifu, wanawahi majina mafupi ya akaunti. Miezi mitatu baadaye waliobaki ni wale wale wanaojaribu kila programu mpya, na shangazi, mwalimu, fundi na muuza duka wako pale pale walipokuwa: WhatsApp na Facebook.

Kabla hujagusa kitu, elewa kinachowatenganisha watu hawa. Mpenda vipya huvutwa na chombo chenyewe. Anataka kuona kinavyofanya kazi, anataka jina lake kabla halijachukuliwa, anataka kukaa mahali penye watu wachache ambapo anasikika na mwanzilishi mwenyewe anamjibu. Kasoro hazimkimbizi, maana kuziripoti ni sehemu ya raha yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na methali hiyo inamfaa kabisa. Mtu wa kawaida huvutwa na watu. Yeye haendi kwenye mtandao. Anaenda kwa dada yake, kwa wenzake wa kikoba, kwa wateja wake. Chombo kwake ni barabara, na barabara isiyofika kwa watu wake haimsaidii hata ikiwa na lami.

Ndiyo maana yanayomvuta wa kwanza ni gharama kwa wa pili. Uchache wa watu kwa mmoja ni nafasi, kwa mwingine ni ukiwa. Kuchagua kila kitu mwenyewe kwa mmoja ni uhuru, kwa mwingine ni mtihani. Na kwa kuwa wanaojenga mitandao karibu wote ni wapenda vipya, huijaribu wao kwa wao, ikawapendeza, wakaamini imependeza. Mwaka 1962 Everett Rogers, mwanasosholojia wa Marekani aliyechunguza jinsi mambo mapya yanavyoenea, aliwapanga watu hivi: asilimia 2.5 ndio wanaothubutu kwanza kabisa, asilimia 13.5 wanawafuata mapema, kisha yanakuja makundi mawili ya asilimia 34 kila moja, na asilimia 16 ndio wa mwisho. Makundi mawili ya mbele ukiyajumlisha unapata asilimia 16. Sifa zao haziwezi kukueleza wale 84 wanataka nini.

Pima kwanza

Usirekebishe kwa kubahatisha. Chukua watu wote waliojiandikisha ndani ya wiki moja, Jumatatu hadi Jumapili, na uwafuate kama kundi. Hesabu wangapi walirudi siku ya 1, ya 7, ya 30 na ya 60 tangu kujiandikisha. Anayehesabiwa awe amekaa ndani angalau sekunde 30, si aliyegusa alama ya programu kwa bahati mbaya. Hili la muda si dogo: Oktoba 2018, ilipotangaza kuifunga Google+ kwa watu binafsi, Google yenyewe ilikiri kwamba asilimia 90 ya ziara kwenye mtandao huo zilidumu chini ya sekunde tano. Akaunti zilikuwepo kwa mamilioni. Watu hawakuwepo.

Kisha ligawe kundi hilo kwa mlango walioingilia: walioletwa na mtu wanayemfahamu, waliosikia kwenye habari, walioletwa na tangazo. Usiwachanganye, kwa sababu wastani wao utakudanganya.

Tuseme walijiandikisha 400. Wakirudi 200 siku ya 1, 90 siku ya 7, 70 siku ya 30 na 68 siku ya 60, mstari umeshuka kisha ukatulia. Wachache hao wamepata makao, na kazi yako ni kujua ni akina nani na wana nini wengine hawana. Wakiwa 200, 60, 15 na 4, mstari unaelekea sifuri. Hapo kulipia matangazo ni kuteka maji kwa pakacha. Simamisha matangazo mpaka mstari utulie kwa kundi lolote, hata dogo.

Dalili: wanajiandikisha wengi, wanafungua mara mbili, hawarudi

Kisababishi cha kwanza, na ndicho cha kawaida kuliko vyote: wameingia nyumba tupu. Tupu haina maana kwamba hakuna posti. Posti zinaweza kuwa elfu kumi kwa siku, lakini kama hakuna hata moja ya mtu anayemjua, kwake ni kelele za sokoni katika mji wa ugenini.

Threads ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, ilifunguliwa tarehe 5 Julai 2023 na ndani ya siku tano ilikuwa na akaunti milioni 100, kwa sababu aliyekuwa na Instagram aliingia kwa mguso mmoja au miwili. Wiki zilizofuata matumizi yakashuka vibaya, na kampuni ikaanza mbio za kuongeza vilivyokosekana: taimlaini (mfuatano wa posti) ya unaowafuata tu, kisha toleo la kivinjari mwezi Agosti. Mlango mpana unaingiza watu haraka, lakini haumpi mtu sababu ya kulala ndani.

Chamath Palihapitiya, aliyeongoza timu ya ukuaji ya Facebook, amesimulia hadharani kwamba lengo lao lilikuwa kumfikishia kila mtu mpya marafiki saba ndani ya siku kumi. Usiichukue saba kama sheria. Tafuta namba yako mwenyewe: siku ya 10, wapange watu wako kwa idadi ya wanaofuatana nao pande zote mbili, yaani yeye anamfuata fulani na fulani anamfuata yeye. Weka mafungu ya 0, 1 hadi 2, 3 hadi 5, 6 hadi 10, na zaidi ya 10. Angalia kila fungu wangapi wapo siku ya 30. Kuna mahali namba itapanda ghafla, na hapo ndipo unapotakiwa kumfikisha kila anayeingia. Kumfuata mtu maarufu asiyekufuata kusihesabiwe, kwa kuwa hakumfungi mtu mahali.

Kumfikisha huko kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni namba za simu. WhatsApp, iliyoanzishwa 2009, ilienea mpaka kwa mabibi kwa sababu haikumwuliza mtu jina la akaunti wala neno la siri; watu wake walikuwa tayari kwenye simu, na programu yenyewe ilikubali hata Nokia na BlackBerry za wakati ule. Ukifuata njia hii, kuna kosa moja linalotokea sana Afrika Mashariki na halionekani kwenye majaribio ya ofisini. Watu huhifadhi namba kwa sura tatu: inayoanza na 07, inayoanza na 255, na inayoanza na +255. Usipozigeuza zote ziwe sura moja ya kimataifa kabla ya kulinganisha, nusu ya marafiki hawataonekana. Tena Kenya, Tanzania na Uganda zote zina namba za tarakimu kumi zinazoanza na 07. Mfanyabiashara wa Mombasa mwenye laini ya Kenya, aliyemhifadhi mteja wa Tanga kwa 07 bila msimbo wa nchi, atasomwa kama amehifadhi namba ya +254, na mteja wake hatapatikana kamwe. Tumia libphonenumber, maktaba ya bure ya kusafisha namba, na kwa namba zisizo na msimbo jaribu nchi zote tatu. Sura zaidi ya moja ikipata akaunti, mwache mtu achague kwa kuonyeshwa jina na picha.

Omba ruhusa kabla ya kusoma namba hizo, na mtu akikataa aendelee bila adhabu. Mwaka 2012 Path, mtandao wa kijamii wa marafiki wa karibu, iligundulika inapakia orodha za namba za watu bila kuwauliza, na imani ikavunjika. Leo kuna sheria pia: ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi. Wala usijidanganye kwamba kuficha namba kwa heshi, yaani kuigeuza kwa fomula iwe mfuatano usiosomeka, kunatosha. Baada ya msimbo wa nchi zinabaki tarakimu tisa, yaani chini ya namba bilioni moja, na kompyuta ya kawaida inazipitia zote kwa muda mfupi. Linganisha, kisha futa.

Njia ya pili ni orodha zilizoandaliwa na watu. Bluesky, mtandao wa posti fupi unaofanana na Twitter, ilileta "vifurushi vya kuanzia" mwezi Juni 2024: mtu anakusanya akaunti za walimu wa fizikia, au waandishi wa mkoa fulani, anatuma linki moja, na anayeifungua anawafuata wote kwa mguso mmoja. Novemba mwaka huo, wimbi kubwa lilipofika na mtandao kuvuka akaunti milioni 20, vifurushi hivyo ndivyo vilivyowapa wengi mahali pa kukaa siku ile ile. Vitengeneze wewe kabla ya wimbi. Fungu la akaunti 20 zinazoandika kila wiki lina faida kuliko fungu la 100 zilizolala.

Njia ya tatu ni kuleta kundi zima kwa pamoja, na inahitaji nafasi yake chini kidogo, kwenye mialiko.

Kisababishi cha pili cha dalili hii ni hasira kutoka kwingine. Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, watu walikimbilia Signal na Telegram kwa wingi mpaka Signal ikazidiwa na kukatika tarehe 15. Waliokuwa na simu siku hizo wanakumbuka arifa moja baada ya nyingine kwamba fulani yupo Signal. Kisha WhatsApp ikasogeza tarehe ya mwisho hadi Mei, hasira ikapoa, na kikundi cha familia kilikuwa hakijahama. Anayekuja kwa kukimbia kitu atarudi kitu hicho kikitulia, isipokuwa ndani ya siku hizo kumi amekuta watu wake. Wimbi la namna hii likikufikia, acha kazi nyingine zote na uwaunganishe watu. Vipengele vipya vitangoja.

Dalili: wanaanza kujiandikisha, hawamalizi

Hapa usisome takwimu tu. Kaa na mtu asiyefanya kazi za kompyuta, atumie simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, umwombe ajiunge na kumtafuta mtu mmoja anayemjua. Wewe usiongee. Andika muda kila kidole kinaposita. Watu watano wakipimwa hivyo watakuonyesha karibu kila kikwazo kikubwa, na utaumia kutazama.

Tazama mlango wa Mastodon, mtandao unaoundwa na seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendeshwa na watu tofauti, ulivyokuwa Novemba 2022, wiki zile Elon Musk alipokuwa ametoka kuichukua Twitter. Mgeni anafungua ukurasa wa kujiunga. Kabla hajaona posti hata moja anatakiwa achague seva, na mbele yake imewekwa orodha ndefu: za lugha, za mikoa, za fani. Hajui seva ni nini kwake, wala kama akikosea anaweza kuhama. Baadhi ya seva zinamwuliza kwa nini anataka kujiunga, na inabidi angoje admini amkubalie. Akiingia, jina lake lina alama mbili za @, la kwake na la seva. Taimlaini ni nyeupe, maana hakuna kinachompendekezea kitu. Akimwona rafiki kwenye seva nyingine na kubonyeza kufuata, anaambiwa anakili anwani ya rafiki, arudi kwenye seva yake, aibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa mpenda vipya kila hatua hapo ina sababu nzuri, na kweli sababu zipo: mtandao usio na mmiliki mmoja. Kwa mtu wa kawaida ni milango mitano na kila mmoja una kufuli lake. Watumiaji wa mwezi walipanda hadi kama milioni 2.5, kisha wakapungua. Mei 2023 Eugen Rochko, mwanzilishi wake, akabadilisha programu ya simu: kitufe kikubwa kinampeleka mgeni seva ya mastodon.social moja kwa moja, na kuchagua seva nyingine kukawekwa pembeni kwa anayetaka. Wakongwe walinung'unika kwamba seva moja itajaa. Uamuzi ulikuwa sahihi hata hivyo. Uchaguzi ambao mgeni hana maarifa ya kuufanya usiwekwe mlangoni.

Upande wetu wa dunia vikwazo vya mlangoni mara nyingi ni vya chini zaidi ya hapo:

Programu inarudi mwanzo. Kwenye simu yenye RAM ya GB 2, mtu akitoka kwenda kusoma msimbo kwenye SMS, Android inaweza kuiua programu yako nyuma yake. Akirudi anakuta skrini ya kwanza, anaingiza namba upya, msimbo mpya unatumwa, wa zamani umekufa. Mara mbili hivyo, anafuta. Hifadhi hatua aliyofikia kwenye kumbukumbu ya simu, si kwenye RAM, na uuache msimbo uishi dakika 10 badala ya sekunde 60.

Nafasi imejaa. Simu nyingi zimejaa picha na video za vikundi. Programu ya MB 90 inadai mtu afute kumbukumbu zake ili akujaribu wewe. Lenga chini ya MB 20, na uwe na toleo la kivinjari linaloruhusu kusoma bila kusakinisha wala kujiandikisha.

Bando. Wengi hununua bando za mitandao ya kijamii zinazofungua mitandao iliyotajwa tu. Mtandao wako haumo, kwa hiyo unazunguka bila kufunguka, na mwenye simu anaona WhatsApp inafanya kazi, anahitimisha kwamba wewe ni mbovu. Weka ujumbe wa wazi: "Bando lako huenda halifungui programu hii." Kisha punguza uzito. Picha kumi za KB 300 ni MB 3 kabla mtu hajashuka skrini ya pili. Zibane ziwe KB 80 na zipakuliwe anapozifikia. Video isijicheze. Kwa sauti ya moja kwa moja piga hesabu kabla hujaahidi: kilobiti 64 kwa sekunde ni kilobaiti 8, saa nzima ni karibu MB 29. Video ya megabiti moja kwa sekunde ni MB 450 kwa saa. Mpenda vipya mara nyingi yuko kwenye WiFi ya ofisini na hesabu hii haijawahi kumgusa.

Lugha ya vitufe. Kiswahili kilichotafsiriwa neno kwa neno kinamtatiza mtu kuliko Kiingereza alichozoea. Mpe mtu kila kitufe, mwulize akikibonyeza kitatokea nini. Wakikosea watu wawili kati ya watatu, badilisha neno.

Dalili: mialiko inagombewa, kisha ghafla kimya

Mialiko humvutia mpenda vipya kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa inampa cheo cha kuwa ndani. Clubhouse, mtandao wa vyumba vya mazungumzo ya sauti, ilianza 2020 kwa iPhone tu na kwa mialiko michache kwa kila mtu. Kuna waliokuwa wakiiuza mitandaoni. Toleo la Android lilikuja Mei 2021, mialiko ikaondolewa Julai. Kufikia hapo hamu ilishapoa na Twitter ilishaweka vyumba vyake vya sauti. Kwa Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni Android, walioweza kuingia mwanzo walikuwa tabaka moja dogo, na mazungumzo yakawa ya tabaka hilo.

Kosa la mialiko ni la hesabu. Mtandao wa kijamii ni jozi za watu. Kikundi cha watu 20 kina jozi 190 (20 mara 19, gawa kwa 2). Ukimpa mmoja wao mialiko miwili, wanaingia watatu, na jozi zinazofanya kazi ndani ni tatu. Hakuna mkutano wa familia unaoweza kufanyika kwa jozi tatu, kwa hiyo hata hao watatu wanarudi walikowaacha kumi na saba.

Linganisha mialiko miwili ya Google yenyewe. Gmail ilianza 2004 kwa mwaliko na ikakua, kwa kuwa aliye ndani aliweza kumwandikia mtu yeyote mwenye barua pepe ya aina yoyote. Google Wave ilitoa mialiko 100,000 Septemba 2009, na kila aliyeipata alijikuta peke yake kwenye chombo cha kufanyia kazi na wenzake. Agosti 2010 Google ikatangaza kuacha kuiendeleza. Kabla hujaweka mwaliko jiulize: aliye ndani peke yake anaweza kufanya nini na walio nje? Jibu likiwa "hakuna", usimwalike peke yake.

Tiba ni kualika kikundi. Facebook ilifunguliwa Harvard tarehe 4 Februari 2004, na ndani ya mwezi zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa ndani. Ndipo ikaenda Columbia, Stanford na Yale, chuo kwa chuo. Watu wote walifunguliwa Septemba 2006 tu. Ulikuwa na ukuta kama wa mialiko, ila ukuta ulizunguka watu ambao tayari wanakutana kwenye bwalo la chakula.

Kwa vitendo: chagua kikundi kimoja cha watu 15 hadi 40 wanaowasiliana kila siku na wana shida ambayo WhatsApp inaitatua vibaya. Kwaya inayopoteza nota na rekodi za mazoezi katikati ya salamu za asubuhi ni mfano mzuri. Kikoba ambacho kumbukumbu za michango zinasogea juu na kupotea ni mwingine. Ongea na katibu au admini, si na kijana wa kikundi anayependa simu mpya, kwa kuwa admini ndiye anayeweza kusema "kuanzia Jumatatu ratiba itawekwa huku". Waingize wote siku moja, mkiwa mmekaa pamoja kama inawezekana. Hamisha kitu kimoja tu: rekodi, au ratiba, au michango. Mazungumzo mengine yabaki WhatsApp na usiyapige vita. Ipe wiki nne, pima, ndipo uende kwa kikundi cha pili, na kiwe kinachogusana na cha kwanza: kwaya ya parokia jirani, si klabu ya wacheza chesi wa mkoa mwingine.

Dalili: maongezi yote ni kuhusu mtandao wenyewe

Soma posti 100 za jana bila kuchagua. Weka alama kila inayozungumzia mtandao huu, mitandao mingine, au habari za teknolojia. Zikizidi 40, mgeni anayeshona nguo akifungua atajua hapa si kwake, hata kama hakuna aliyemfukuza. Chanzo si nia mbaya. Watu huzungumza wanachoshiriki, na wapenda vipya wanachoshiriki ni upya wa mahali. Tiba ni kubadilisha kinachowekwa mbele kwa mgeni. Ondoa taimlaini ya "zinazovuma" kwenye skrini ya kwanza, na badala yake mgeni aone eneo lake na kazi yake. Tafuta waandishi watano wa mambo ya kila siku, kilimo cha mboga, mapishi, mpira wa mtaani, na uwape msaada wa kweli: msikivu wa haraka wanapokwama, na malipo kama unayo.

Dalili: wapo, wanasoma, hawaandiki

Mara nyingi huu si ugonjwa. Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 2006: kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni kama asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia kidogo, 1 huandika sehemu kubwa. Anayesoma na kurudi kila siku ni mtumiaji kamili, usimsumbue kwa arifa za kumhimiza. Shida ipo pale tu mtu anapoandika mara ya kwanza na kukosa jibu. Pima posti za kwanza za watu wapya: ngapi zilipata angalau jibu moja la mtu ndani ya saa moja? Weka zamu ya wenyeji wa kujibu, saa moja hadi saa nne usiku, ambapo watu wametoka kazini.

Dalili: unachojivunia hakiwagusi

"Hakuna matangazo." "Taarifa zako ni zako." "Hakuna kampuni inayokumiliki." Ni maneno ya kweli na yanastahili kupiganiwa. Mtandao wa Diaspora ulichangiwa zaidi ya dola 200,000 mwaka 2010 kwa ahadi hizo, App.net ilianza 2012 kwa kutoza dola 50 kwa mwaka ili isiuze matangazo, Ello ilisisimua watu 2014 kwa ilani ya aina hiyo. Zote zilivuta watu wenye msimamo, na zote zilibaki nao. Msimamo unamfanya mtu ajiandikishe. Hauwezi kumpa mtu wa kuongea naye jioni. Iweke misingi hiyo kwenye ukurasa wa masharti na kwenye jinsi unavyofanya kazi, na kwenye tangazo andika kitu kimoja mtu atakachoweza kufanya leo ambacho jana kilimshinda: "Rekodi zote za kwaya mahali pamoja, hata simu ikipotea."

Dalili: watu wa kawaida wamefika, wakongwe wanafunga virago

Hii huja pale tiba zilipofaulu, na huwashtua waendeshaji. Kwenye Usenet ya miaka ya mwanzo, mtandao wa vikundi vya majadiliano uliokuwepo kabla ya tovuti, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia na kuvuruga kwa wiki chache mpaka wakajifunza adabu za mahali. Kati ya 1993 na 1994 kampuni kama AOL zikawafungulia wateja wake, na wakongwe wakasema Septemba imekataa kuisha. Mastodon ilipata yake 2022: wakongwe walitaka posti za siasa na mambo mazito zifichwe nyuma ya onyo, wageni wakaona wanafundishwa adabu na watu wasiowafahamu, wengine wakaondoka kimya kimya.

Usichague upande mmoja. Wakongwe wanapoteza kitu halisi: utulivu, na kusikika. Wape vyumba vyao vyenye mlango, na kazi yenye heshima, kama usimamizi au kupokea wageni, kabla ya wimbi. Kanuni za wageni ziwe tano, ziandikwe kwa sentensi fupi, na zionekane mtu anapoandika posti yake ya kwanza, si kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Kukosoa kwa mara ya kwanza kufanyike faraghani. Na pima wakongwe kama kundi lao peke yao: walioandika kila wiki miezi sita iliyopita, wangapi bado wanaandika mwezi huu? Namba hiyo ikishuka chini ya nusu, punguza kasi ya kuingiza vikundi vipya mpaka wenyeji waliobaki waweze kuwajibu wageni kwa majina.